Kuni Kavu Huitika

Huku Valdivia mvua haiji; hukaa.
Huingia mwezi wa tano kama mpangaji asiyelipa,
ikatundika koti lake ukutani,
na hadi mwezi wa tisa hatuna pa kuishitaki.

Kwa hiyo mapema, jua likiona bado haya kutuaga,
naenda kwa Eleuterio muuza kuni
na fedha za mashati arobaini niliyoyageuza kola.
Yeye huapa kwa mamaye kwamba zimekauka.
Simwulizi yeye. Nayauliza magogo.
Nachukua mawili, nayagonganisha karibu na sikio:
gogo bichi husema du,
kama mtu anayejibu usingizini;
gogo kavu hulia ti,
huitika
kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake.

Mwaka juzi sikugonga. Niliamini kiapo.
Tulichoma maji majira mazima,
jiko likitoka machozi meusi, bomba likikohoa
na mjukuu wangu Nahuel akilipokea, kikohozi kwa kikohozi.
Rahisi ghali, tunajua.
Hatukuambiwa kwamba ina moshi pia.

Juni nafunga chumba cha mbele.
Naning'iniza blanketi mlangoni, naziba nyufa kwa matambara,
na nyumba inanywea
kama sweta la sufi lililofuliwa kwa maji moto,
hadi inabaki jiko, kitanda, cherehani.
Nyuma ya blanketi namwacha Belarmino kwenye fremu yake,
suti ya harusi, shingo wazi.
Utanisamehe, namwambia.
Wewe baridi huisikii tena.

Ujuzi wangu hauna cheti.
Magazeti ndani ya viatu usiku,
kurasa za siasa kwanza, hizo hunyonya chochote.
Nailoni juu ya dirisha, imepigiliwa vijiti;
upepo ukija hupumua kama tumbo la aliyelala.
Chupa ya maji moto ndani ya soksi ya marehemu, miguuni pa mtoto.
Donge la mkate linaumuka karibu na jiko, si karibu sana.
Na juu yetu kamba, na nguo mbichi,
mikono ya mashati ya watu ikitupapasa vichwa tukipita.

Bati lina tundu.
Bati jipya ni kuni za wiki tatu,
kuni za wiki tatu ni bati jipya;
hesabu hii nimeigeuza kila upande kama kola,
imechakaa pande zote mbili.
Chini ya tundu pana sufuria.
Nahuel huhesabu matone akisinzia.
Hajawahi kufika mia.

Jana usiku, mlango ukabishwa.
Zunilda, wa nyumba ya buluu,
ambaye hatujaamkiana tangu ugomvi wa mpaka,
hatua mbili na nusu za matope
ambazo hata viazi vilikataa kuota.
Nywele zimemganda usoni. Kifuani, ndani ya koti,
kakumbatia kitu kama mtoto mchanga.
"Kwangu moto haufiki kitandani," alisema.
"Nimekuja na zangu."

Nikazipokea, mbili, ndefu, zimechongwa.
Na kabla sijamkaribisha, Mungu anisamehe,
nikazigonganisha sikioni.

Ti.

"Mti gani huu?"
Alikuwa akikamua sketi yake kizingitini, hakuinua macho.
"Nguzo za uzio. Zile nilizonunua nikuzibie.
Zimelala chini ya kitanda changu miaka minne."
Tone likaanguka sufuriani. Jingine.
"Ziko ngapi?" nikauliza.
"Kumi na nane."

Nikatundika koti lake kati ya mashati.
Nikampa kiti kilicho karibu na jiko, si karibu sana.
Tukaanza na ile ndefu.